Mpira wa Mita 2.1: Hotuba kwa Kikosi cha Wazamiaji, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, wenyeviti wa mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze, wazee wetu wavuvi, mabibi na mabwana, na ninyi vijana wangu mliojificha huko nyuma karibu na mitungi: mwangaluka.

Nimeombwa niseme juu ya vifaa, na ninajua kwa nini nimeombwa mimi. Tangu zilipopatikana fedha za kuwanunulia vifaa vipya wazamiaji wanane, stoo yetu haijatulia. Kuna kambi ya Apeks na kuna kambi ya Scubapro, kampuni mbili za vifaa vya kuzamia, na kwa jinsi zinavyotupiana maneno mgeni angedhani ni Simba na Yanga. Juzi nilimkuta kijana mmoja ameandika kwa rangi nyeupe jina la kampuni anayoishabikia juu ya mapezi yaliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Sikuja kuamua nani ashinde. Nimekuja kusema kwamba swali lenyewe limeanzia mwisho, kwa sababu kabla ya kuuliza kifaa kimetengenezwa na nani, lazima tuulize mwenzangu atakipapasia wapi gizani atakapokihitaji.

Huenda wazee wakashangaa nikianza na mapango, ilhali kikosi hiki kazi yake ni ziwani. Naomba mvumilie kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, na hesabu ya serikali ilifikia watu 228 waliopoteza maisha. Siku mbili baadaye, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichokuwa kimelala kifudifudi, mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki. Mzamiaji anayeingia chini ya chombo kilichopinduka hawezi kuinuka moja kwa moja akatoka majini, kwa kuwa juu yake kuna chuma. Lazima arudi kwa njia aliyoingilia, tena katika tope ambalo yeye mwenyewe amelitibua kwa mapezi yake. Hilo ni pango, hata kama lina viti na injini. Watu waliokufa wengi na kujifunza sana kuhusu maji yenye dari ni wazamiaji wa mapangoni, na ingekuwa kiburi kwetu kuanza upya kana kwamba hawakuwahi kuwapo.

Mmarekani Sheck Exley, aliyezamia katika chemchemi za Florida, alichapisha mwaka 1979 uchambuzi wa vifo vya mapangoni, akavisoma kimoja kimoja kama fundi anayefungua injini iliyokufa. Makosa aliyoyakuta yalikuwa yaleyale yakijirudia: watu waliingia bila kamba inayoendelea hadi nje, hawakubakiza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka, na walikwenda chini kupita kiasi. Baadaye wenzake wakaongeza ukosefu wa mafunzo na uhaba wa taa, na ndipo ikawa kanuni kila mtu abebe taa tatu, jambo ambalo mvuvi wa dagaa hahitaji kuelezwa, maana naye hatoki usiku na taa moja. Angalieni kwamba katika orodha hiyo hakuna jina la kampuni hata moja.

Huko huko Florida, katika mapango marefu ya Woodville yanayohusisha chemchemi ya Wakulla, ndiko ulikoenea mpangilio unaotokana na mzamiaji aitwaye William Hogarth Main. Wazo lake ni jepesi kulieleza, ingawa wengi hulikataa wanapotakiwa kulifuata. Mzamiaji asibebe kitu asichokihitaji, kila anachobeba kiwe na mahali pamoja pasipobadilika, na wote katika timu wawe na mpangilio huo mmoja. Anapumua kwa kipumulio chenye mpira mrefu wa kupitishia hewa, wa mita 2.1 hivi, ambao unashuka kutoka vali ya kulia ya mitungi miwili ya mgongoni, unapita ubavuni, unavuka kifua na kuzunguka nyuma ya shingo hadi mdomoni. Kipumulio cha akiba kina mpira mfupi na kinaning'inia chini ya kidevu kwa utepe wa mpira uliovaliwa shingoni kama mkufu. Mwenzako akiishiwa na hewa unampa kile kilicho mdomoni mwako, ambacho hakuna shaka kinafanya kazi kwa sababu ulikuwa unakipumulia sekunde moja iliyopita, nawe unainamisha kichwa na kuchukua cha kidevuni. Mpira ni mrefu ili katika upenyo mwembamba mtoke mmoja nyuma ya mwingine, bila kulazimika kubanana bega kwa bega.

Hata vali ya kulia haikuchaguliwa kwa bahati. Mzamiaji anayekwenda mbele huku vali zake zikisuguana na dari anaweza kuifunga ya kushoto pole pole bila kujua, kwa jinsi kishikio chake kinavyozunguka. Kwa hiyo mpira mrefu na mpira wa kujaza mfuko wa kuelea vyote hutoka kulia, na kushoto hubaki kipumulio cha akiba. Ukielewa sababu hiyo hutahitaji kukariri, na mtu akikuletea vifaa vilivyofungwa kinyume utaona kosa kabla hajafika majini.

Niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, maana nisingependa mdhani kwamba nasoma tu habari za watu wa mbali. Tulikuwa kwenye mazoezi mbele ya Capri Point, mita 9 chini, siku ambayo maji yalikuwa ya kijani kizito kama uji wa mlenda, na mkono nikiunyoosha siyaoni mapengo kati ya vidole. Tulikubaliana kwamba nitamwashiria mwenzangu kuwa sina hewa, naye anipe kipumulio. Nikakata shingo kwa kiganja, ishara ambayo bila shaka hakuiona, kisha nikamfikia na kupapasa. Chini ya kidevu hapakuwa na kitu. Kifuani kulia, hakuna. Nikashika mpira nikaufuata kwa vidole hadi mwisho, nikakuta ni wa geji ya kupimia hewa. Kipumulio chake cha akiba kilikuwa kimechomekwa katika mfuko wa jaketi upande wa kushoto, kimekunjwa mara mbili na kushikwa na utepe wa kunata, kwa sababu jaketi hilo lilikuwa la msaada, lilikuja na mfuko huo, naye aliona ni vizuri kuutumia. Niliporudi juu aliyekuwa na saa akaniambia nilipapasa kwa sekunde 40. Mimi nilikuwa na hewa yangu mgongoni, nilikuwa ninaigiza tu. Mtu asiyekuwa nayo kwa sekunde 40 hapapasi kwa adabu, atakung'oa miwani.

Yule kijana hakuwa mzembe. Vifaa vyake vilikuwa safi kuliko vyangu. Kosa lilikuwa letu sote tuliomruhusu apange mwili wake jinsi anavyopenda, tukidhani kwamba kifaa anachokivaa ni chake peke yake.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili, na nisipoitaja vijana wataisema wenyewe nikishuka jukwaani. Mwaka huo huo wa 2018, miezi michache kabla ya msiba wa Ukara, watoto 12 na kocha wao walinaswa na maji katika pango la Tham Luang nchini Thailand. Waliowapata tarehe 2 Julai ni Waingereza wawili, Rick Stanton na John Volanthen, na watu hao hawakulelewa katika mpangilio wa Florida hata kidogo. Mapango ya Uingereza ni membamba, yenye baridi na tope, na wazamiaji wa huko wamezoea kubeba mitungi ubavuni, kila mmoja na regulata yake, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungini ili iweze kupumuliwa, na kujitegemea kana kwamba hakuna mwenza. Mantiki yao ni kwamba pale ambapo humwoni mwenzako wala huwezi kugeuka, kumtegemea ni kujidanganya. Vifaa vingi wanavitengeneza au kuvirekebisha wenyewe, hivyo hakuna wawili wanaofanana sawasawa. Na wamefanikiwa.

Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa maji yetu yanafanana zaidi na ya Uingereza kuliko ya Florida, ambako siku njema unaweza kuona mbali sana. Jibu langu ni hili. Wazamiaji wale wana uzoefu wa miongo mingi, na kila mmoja anavijua vifaa vyake kama anavyovijua vidole vyake. Sisi tuna vijana wanane, wa zamani zaidi kati yao ana miaka sita ya kazi, na wito unapokuja hatujui nani atakuwa zamu na nani. Mtu anayezamia na mwenza yuleyule kwa miaka 20 anaweza kuvumilia vituko vyake. Anayepangiwa mwenza asubuhi ile ile hawezi. Kwa hiyo tunachukua mpangilio wa Florida, na kwa Waingereza tunachukua ile tahadhari yao, kwamba kila mmoja awe na vyanzo viwili vya hewa vinavyoweza kutenganishwa kwa kufunga vali ya katikati, ajue kuifunga kwa mkono wake mwenyewe, na aifunge akiwa amefumba macho.

Nikirudi kwenye Simba na Yanga, sitakwepa. Kuna tofauti ya kweli baina ya regulata, lakini mstari wake haupiti kati ya kampuni na kampuni. Regulata ya mtungini huwa ya aina mbili, ya pistoni na ya kiwambo, yaani utando. Ile Scubapro MK25 ambayo baadhi yenu mnaisifu ni ya pistoni. Ni mashine nzuri, hewa inatoka kwa wingi, lakini chemba yake ya springi inaingiwa na maji, na maji yetu yana tope, mwani na mabaki ya magugu. Apeks wamejulikana kwa regulata za kiwambo zilizozibwa, ambazo maji hayaifikii springi. Kambi ya Apeks wasianze kupiga makofi, kwa kuwa Scubapro nao wanayo MK17, ya kiwambo, iliyozibwa vile vile. Basi kiwango chetu kitaandikwa hivi: kiwambo kilichozibwa. Jina la kampuni halitaandikwa hapo, na atakayeuza kwa bei nzuri na kuleta spea ndiye atakayeuza.

Spea ndilo neno lililobaki, na hapo wavuvi ni walimu wetu. Ukimuuliza mvuvi wa mwalo wowote kwa nini amefunga Yamaha hatakutajia kasi. Atakuambia kwamba ikizima katikati ya maji, fundi wa kwanza atakayemkuta ufukweni anaijua, na plagi na impela zinapatikana dukani. Regulata zetu tunazipeleka pwani kwa sevisi, na kila kampuni ina vifurushi vyake vya oringi, zile pete za mpira za kuzibia, na viti vya vali ambavyo haviingiliani. Tukiwa na kampuni nne, kama tulivyo leo, tunahitaji akiba nne, na ukweli ni kwamba hatuna hata moja iliyokamilika. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo tu, naunga mkono tuwe na kampuni moja ya regulata kwa wote wanane. Ni uamuzi wa stoo, wala hauna maana kwamba nyingine ni mbaya.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona jinsi kanuni inavyogeuka kuwa ushabiki. Jarrod Jablonski, mmoja wa wazamiaji wa Wakulla na miongoni mwa waasisi wa GUE, shirika la mafunzo lililoanza mwaka 1998, ni miongoni mwa waanzilishi wa Halcyon pia, kampuni inayotengeneza vifaa. Hakuna ubaya katika hilo. Aliyejua anachokitaka alikitengeneza. Lakini kanuni zenyewe zinataja urefu wa mpira, umbo la bamba la mgongoni na mahali pa kulabu, hazitaji duka. Bamba la chuma lenye matundu mawili yaliyoachana sentimita 28 hivi litapokea mfuko wa kuelea wa karibu kampuni yoyote, na ukanda wa nailoni wa sentimita 5 ni ukanda tu, popote uliposhonwa.

Upande wa kichwa cha mtungi sitakubali mjadala. Tuna mitungi ya kubana kwa kibano na tuna mitungi ya DIN ambayo regulata inaingizwa kwa kuzungushwa, na mara mbili mwaka huu tumefika eneo la kazi na regulata isiyoingia katika mtungi uliopo. Kibano kikigonga chuma kinaweza kuteleza na oringi ikachomoka, na hapo hewa inatoka kwa kishindo. Kiunganishi cha DIN kinaikalia oringi yake ndani. Itakuwa DIN yote, na zile adapta zilizozagaa katika sanduku la nyundo zitahesabiwa na kufungiwa.

Kuhusu ukubwa wa mitungi, naomba wenye kalamu waandike, maana hapa ndipo tunapojidanganya kwa tarakimu. Mzamiaji wa kwanza ana mitungi miwili ya lita 12, na geji yake inasoma bar 200 za mgandamizo, yaani ana lita 4,800 za hewa. Mwenzake ana mtungi mmoja wa alumini wa lita 11.1, na geji yake nayo inasoma bar 200, lakini ana lita 2,220 tu. Wanafuata kanuni ya theluthi kwa uaminifu. Mwenye mtungi mmoja anafikia theluthi yake, lita 740, anaashiria kurudi, na amebaki na lita 1,480. Yule wa kwanza ni mtu mwenye kifua, kwa hiyo kufika hapo ametumia lita 1,000. Ikiwa wakati huo huo mitungi yake inapoteza hewa yote, kutoka kunahitaji 1,000 zake na 740 za mwenzake, jumla 1,740. Pungufu ni lita 260, na hapo nimedhani kwamba mtu aliyepoteza hewa anapumua kwa utulivu kama mwanzo, jambo ambalo sijawahi kuliona. Geji zote mbili zilikuwa zimesoma namba ileile tangu asubuhi. Kwa hiyo wote watabeba mitungi miwili ya lita 12 ya chuma, na mtungi mmoja mmoja utabaki kwa mazoezi ya ufukweni.

Waliojifunza Tanga au Zanzibar wapunguze vipande vya risasi vya kiunoni vinavyowasaidia kuzama, kwa kuwa maji matamu hayamwinui mtu kama ya chumvi. Mwenye kilo 100 pamoja na vifaa vyake vyote hupunguza kilo mbili na nusu hivi. Halafu alumini huwa nyepesi ikikaribia kuisha na kutaka kupanda, jambo ambalo mitungi ya chuma haitatusumbua nalo.

Kompyuta za mkononi, zile zinazomwambia mzamiaji asubiri muda gani anapopanda, zinahitaji maneno machache zaidi. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa inayotukandamiza ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo mwili unaotoka kilindini hapa hauwezi kuhesabiwa kana kwamba unatokea Bahari ya Hindi. Mswisi Albert Bühlmann alilifanyia kazi suala hilo katika maziwa ya milimani, na kompyuta za Shearwater zinatumia hesabu zake na kupima kimo zenyewe. Suunto nyingi za zamani tulizo nazo zinatumia hesabu nyingine, ya RGBM, na kimo chake unakipanga kwa mkono: A0 ni hadi mita 300, A1 ni kutoka 300 hadi 1,500. Mwanza ni A1. Mwezi uliopita nilizikusanya zote tano nikakuta tatu ziko A0. Wawili wakipanda pamoja, mmoja na hesabu hii na mwingine na ile, mmoja ataambiwa asubiri dakika tatu na mwenzake aambiwe apande, na ubishi wa chini ya maji hauna mwamuzi. Mpaka tutakapokuwa na aina moja, kompyuta inayodai kusubiri zaidi ndiyo itakayofuatwa na wote wawili.

Kompresa haimo katika ununuzi huu, ila nisiiache. Mwaka 1946 Jacques Cousteau na Frédéric Dumas nusura wafe katika chemchemi ya Vaucluse, Ufaransa, kwa sababu kompresa ilivuta moshi wa injini yake yenyewe na kuujaza mitungini. Yetu ni ya petroli. Mdomo wa kuvutia hewa utawekwa upande unakotoka upepo, na upepo wa ziwa hugeuka mchana, kwa hiyo anayejaza mitungi abaki pale, asiende kula samaki. Na yule aliyependekeza tujaze kwa kompresa ya gereji ya matairi ili kuokoa fedha, nimemsamehe, asirudie.

Mheshimiwa mgeni rasmi, orodha ya manunuzi iliyoko mezani kwako ina kurasa mbili, na utaona kwamba ukurasa wa kwanza hauna jina la kampuni yoyote. Jina liko katika ukurasa wa pili, kwenye mstari wa regulata na mstari wa kompyuta, pamoja na bei ya spea za miaka mitatu. Naomba usiidhinishe ukurasa wa pili kabla fundi hajathibitisha kwa maandishi kwamba spea hizo zipo.

Vijana, Jumamosi saa 1 asubuhi kila mmoja alete vifaa vyake vyote hapa gatini na kuvitandaza juu ya turubai. Mifuko ya jaketi itakuwa mitupu. Tutafungana vitambaa machoni wawili wawili, kila mmoja atafute kipumulio cha mwenzake kwa vidole, na atakayezidi sekunde tano ataanza upya. Mimi nitakuwa wa kwanza kufungwa kitambaa, na yule kijana wa mfuko wa kushoto ndiye atakayeshika saa.